Mninga wako usiuuze kangomba

 Leo naweka kando ufuta na korosho, tuzungumze mti.

Kuna maneno yanazunguka huku kusini, kuanzia Kilwa na Liwale mpaka Tunduru, kwamba mninga na mkongo "imepigwa marufuku na dunia". Maneno haya yana watu wanaofaidika nayo. Mnunuzi anafika na pikipiki, anauzunguka mti wako mara moja, kisha anakuambia: uza sasa hivi, maana mwakani hutaruhusiwa kuugusa. Wewe unaogopa, unataja bei yoyote, mti unaanguka. Jirani yako ambaye hajapata mnunuzi naye ana hesabu yake: kama mti huu utakuwa wa serikali, basi nikiona mche shambani naung'oa mapema kabla haujawa kesi.

Msimamo wangu nausema mapema ili usipoteze muda kama hukubaliani nami. Mninga kuingia kwenye orodha ya kimataifa si sababu ya kuuza haraka. Ni sababu ya kuuza polepole, kwa kipimo na kwa karatasi. Anayeuza kwa hofu anauza kangomba. Kangomba ya korosho tunaijua sote: shida imekubana, mtu anakuja na fedha mkononi na kipimo chake mwenyewe, na wewe unamshukuru huku anakuibia. Tumepiga kelele sana juu ya kangomba ya korosho. Ya miti hatuisemi, wakati mkorosho utazaa tena msimu ujao na mninga hautazaa ubao tena katika maisha yako.

Sasa tuone kilichoamuliwa hasa. Upo mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaitwa CITES, na Tanzania ni mwanachama. Mwezi Novemba 2022 nchi wanachama zilikutana Panama zikakubaliana kuingiza jamii tatu za miti ya Afrika katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo: jamii ya mninga, jamii ya mkongo na jamii ya mkangazi. Uamuzi ulianza kutumika tarehe 23 Februari 2023. Mkurungu, ambao ni ndugu wa mninga, ulikuwa umetangulia tangu mwaka 2019, na mpingo tangu mwanzoni mwa 2017.

Neno la kushika hapo ni "cha Pili". Kiambatisho cha Kwanza ndicho cha viumbe ambavyo biashara yake kati ya nchi na nchi imefungwa kabisa, au karibu kabisa. Cha Pili ni cha viumbe vinavyouzwa kwa kibali. Mtu anayetaka kupeleka mninga nje ya nchi lazima apate kibali cha mkataba, na kabla ya kibali hicho kutolewa nchi inapaswa kujibu maswali mawili: je, uvunaji huu hautaumaliza mti wenyewe, na je, mzigo huu umepatikana kihalali? Kwa mninga, mkongo na mkangazi, kibali hicho kinahusu magogo, mbao na bidhaa kama veniya na plaiwudi zinazovuka mpaka. Kitanda alichotengeneza fundi wa Nachingwea akamuuzia mwalimu wa hapo hapo hakihusiki na CITES hata kidogo.

Kinachokuhusu wewe kila siku ni sheria ya nchi, na hiyo ilikuwepo zamani kabla ya Panama. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo inayodai kibali cha kuvuna, malipo ya mrabaha, gogo kugongwa nyundo na hati ya kusafirishia. Kwa hiyo mnunuzi akikuambia kwamba "dunia imekataza", muulize swali moja tu: kama imekataza, yeye anaununua ili aupeleke wapi?

Kuna orodha nyingine ambayo watu huichanganya na hii. Ni Orodha Nyekundu ya shirika la IUCN, ambayo hupima kama aina ya kiumbe iko karibu kutoweka duniani. Katika orodha hiyo mpingo umewekwa daraja la wanaokaribia kuwa hatarini. Haujafika kwenye hatari yenyewe. Mtu mmoja aliposikia hivyo aliniambia, "Basi afisa mnatutisha bure, mpingo si upo tele." Upo, ni kweli. Mpingo unaota katika nchi nyingi za Afrika, na hata ukitembea nyuma ya nyumba yako Kilwa utaukuta. Lakini utaukuta wa namna gani? Mwembamba, umejipinda, una tundu katikati. Orodha inahesabu aina ya mti. Wewe unauza shina. Aina inaweza kudumu miaka mia mbili ijayo wakati mashina mazito yaliyonyooka, yanayofaa kutengenezea zumari za Wazungu zile ziitwazo klarineti, yamekwisha kijijini kwako tangu juzi. Hali ya uhifadhi ya mninga wa kijiji chako haipo kwenye orodha yoyote ya dunia. Utaijua kwa kutembea msituni na futikamba.

Hayo si mambo ya kubuni. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kule Rufiji, malori yaliyokuwa yakisubiri kivuko yakapata njia ya kupita moja kwa moja, na misitu ya kusini ikavamiwa. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti ndefu kuhusu miaka ile. Walikuta kwamba China ilikuwa imeandika kupokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi ya yale ambayo sisi tuliandika kuwa tumeyapeleka, na kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mrabaha yaliyotakiwa kukusanywa hayakukusanywa. Hapo serikali ndiyo iliyoibiwa. Mwanakijiji aliyeonyesha njia ya kwenda kwenye mti alilipwa vijisenti. Watafiti wengine walifuatilia jinsi uharibifu wa misitu ulivyokuwa ukisogea kutoka Dar es Salaam kwenda nje, wakaona kwamba kati ya 1991 na 2005 umesogea umbali wa kilomita 120 hivi. Unakwenda kama moto wa nyasi: miti ya thamani kwanza, kisha ya wastani, mwisho mkaa. Kama kijijini kwako wanunuzi wa mninga wameacha kuja na sasa wanakuja wa mkaa, unajua uko hatua gani.

Nirudi kwenye bei, maana ndipo wengi wanapoumia. Ufuta wako unaupeleka ghalani, unapimwa kwa mizani, unauzwa mnadani mbele ya watu. Usipopimwa unagomba. Mti uliokaa ardhini miaka 80 au zaidi unauuza kwa kuutazama tu. Mnunuzi anasema "huu mdogo" na wewe unakubali, kwa sababu huna namba ya kumjibu. Chukua namba hii.

Tafuta futikamba ya fundi cherehani. Zungushia mti kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1 na sentimita 30 kutoka chini. Huo ni mzingo. Ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 150 una kipenyo cha karibu sentimita 48. Hii ni muhimu kwa sababu kila aina ya mti ina kipenyo cha chini kinachoruhusiwa kuvunwa, na ofisi ya misitu ya wilaya inacho. Waulize, na wakuandikie. Mti ambao haujafika kipimo usiuze kwa mtu yeyote, hata kama ameahidi kumalizana na wakubwa. Kwanza ni kosa. Pili, mninga mchanga sehemu kubwa ni ule mti mweupe wa nje ambao wadudu wanaula. Kiini chekundu ndicho ubao, nacho bado ni kidogo.

Kisha pata ujazo. Chukua mzingo wa katikati ya gogo kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa 12.57, halafu uzidishe kwa urefu. Gogo lenye mzingo wa mita 1.5 katikati na urefu wa mita 4 linatoa ujazo wa mita 0.72 hivi. Ubao wa mbili kwa sita wenye futi 10 una mita za ujazo 0.0236. Hata tukisema theluthi mbili ya gogo imepotea kwa unga wa msumeno, maganda na mapande, bado unapata mbao kumi. Mapema kabla mnunuzi hajaja, mtume kijana wako mjini akaulize kwa fundi ubao mmoja wa mninga wa mbili kwa sita ni shilingi ngapi. Zidisha kwa kumi. Toa gharama za msumeno, mrabaha na lori, kwa haki kabisa, maana mnunuzi naye lazima ale. Kisha linganisha na ile noti uliyoonyeshwa chini ya mti.

Kuna wanunuzi wanaotumia njia ya robo ya mzingo: wanagawa mzingo kwa nne, wanazidisha kwa yenyewe na kwa urefu. Njia hiyo ni ya zamani na watu wengi wanaitumia bila nia mbaya, lakini inakutolea takribani moja ya tano ya mti wako. Kwa gogo letu utaambiwa 0.56 badala ya 0.72. Kama mmekubaliana kuitumia, basi bei ya kila mita ya ujazo ipande kufidia.

Sasa nizungumze na mwenye shamba. Adui wa mninga kwa sasa si lori peke yake. Ufuta wetu unapenda ardhi mpya, na kila mwaka tunafyeka pori, tunakusanya, tunachoma. Mimi siwezi kukuambia usilime ufuta, ndio unaolipa ada. Nakuomba utazame kabla ya kufyeka, na zaidi utazame chini.

Mche wa mninga una tabia inayowadanganya watu. Mbegu ikiota, kijiti kinachotokea juu hufa kila kiangazi. Mvua zikirudi kinachipua tena, kiangazi kinakufa tena. Huendelea hivyo miaka mingi, hata zaidi ya saba, huku chini ukijenga mzizi mnene kama muhogo. Siku mzizi ukipata nguvu ya kutosha, shina linaruka juu, safari hii halifi. Mkulima anayeona kijiti kimekauka mwezi wa tisa anasema mche umekufa, anaung'oa au analima juu yake. Alichokitupa ni kazi ya miaka saba. Ndiyo sababu naona mche unaouacha shambani una thamani kuliko mche utakaopewa kwenye sherehe ya kupanda miti. Huu wako tayari una mzizi. Chomeka mambo pembeni yake, zungushia miiba kama una mbuzi, na uchome shamba mapema wakati nyasi bado zina unyevu, si mwezi wa kumi ambapo moto unakula kila kitu. Mninga ni jamii ya kunde, majani yake hayadhuru shamba, na maua yake ya njano hutoka kiangazi, wakati nyuki wana njaa.

Hapa lazima niseme na upande wetu sisi wa ofisini. Tumezoea kumwambia mkulima "usikate" halafu tunapanda pikipiki tunaondoka. Mkulima mwenye mninga minne shambani, akitaka kuvuna mmoja kwa halali, anazungushwa kijiji, kata, wilaya, nauli juu ya nauli, mpaka gharama ya karatasi inaukaribia mti wenyewe. Jirani aliyeukata usiku akafanya mkaa hakupoteza hata siku moja. Ukiweka utaratibu wa namna hiyo, umemfundisha mtu kuchukia mche. Kwa maoni yangu mti wa asili uliotunzwa ndani ya shamba la mtu ungeandikishwa kijijini tangu ukiwa mdogo, kwenye daftari la mtendaji, na siku ya kuvuna ushahidi uwe umeshakuwepo. Hakuna haja ya kusubiri agizo kutoka juu kuanza kuandika. Chora ramani ya shamba lako kwenye karatasi ya daftari, weka alama ya kila mninga, andika mzingo na tarehe, mpelekee mtendaji agonge muhuri. Haikupi kibali, lakini siku ukiomba kibali hakuna atakayesema mti umeuokota msituni.

Kwa vijiji ambavyo bado vina pori, njia bora zaidi ipo na imeshajaribiwa hapa hapa kwetu. Sheria ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga Hifadhi ya Msitu wa Kijiji, kuwa na kamati yake ya maliasili, mpango wa uvunaji na sheria ndogo, na kuuza miti yake kwa bei yake. Mapato ni ya kijiji. Kilwa walianza mapema kwa msaada wa shirika lililoanza kwa jina la mpingo wenyewe, na mwaka 2009 walipata cheti cha FSC cha uvunaji unaojali msitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mnunuzi wa msitu wa namna hiyo anaonyeshwa miti iliyokwisha kuhesabiwa, anaambiwa bei, analipa kwenye akaunti ya kijiji. Hakuna kutazama kwa jicho. Si peponi, nakubali. Kamati zinaweza kula fedha kama kamati yoyote, na mkutano mkuu usipodai kusomewa mapato kila robo mwaka, mtajikuta mmehamisha kangomba kutoka porini kwenda ofisini.

Mfanyabiashara, usidhani nimekusahau. Wewe mwenye duka unayekopesha watu unga wakati wa njaa halafu unalipwa gogo, hesabu yako inabadilika. Zamani gogo lisilo na karatasi liliuzika kirahisi kwa sababu wa mwisho hakuulizwa. Sasa anayesafirisha nje anaulizwa chimbuko la mzigo, kwa hiyo naye atamuuliza aliyemuuzia, mpaka ifike kwako. Gogo lisilo na chimbuko litanunuliwa bado, sikudanganyi, lakini litanunuliwa na mtu anayejua kwamba huwezi kwenda kushtaki popote, na bei atapanga yeye. Halafu ukikamatwa njiani unapoteza mzigo na pengine gari. Kopi ya kibali, stakabadhi ya mrabaha, alama ya nyundo kwenye gogo na hati ya kusafirishia: visipokuwepo vyote vinne, usitoe fedha. Na usinunue "mkurungu" ulioandikwa "mninga" kwenye hati. Watu wa ukaguzi wanaujua ubao, hawasomi karatasi tu.

Walionipigia simu kuhusu mbegu za mninga, jibu lenu hili. Matunda ni yale ya duara, bapa, yana ukingo mwembamba kama karatasi na manyoya magumu katikati. Yakusanye kiangazi yakiwa yamekuwa kahawia, chini ya mti ulionyooka, si ule wa karibu kwa sababu tu uko karibu. Vaa kitu kigumu mkononi, yale manyoya yanachoma. Kata ukingo, pasua katikati taratibu, utapata mbegu moja, wakati mwingine mbili. Loweka usiku mmoja, panda mvua zinapoanza. Nyingi hazitaota, ndivyo ulivyo mti huu, kwa hiyo panda tatu tatu kila shimo, na panda moja kwa moja shambani kwa sababu mzizi wake mrefu hauupendi mfuko wa plastiki. Mpingo ni rahisi zaidi, huo unaweza kuuanzisha kitaluni. Na kijiti kikikauka mwezi wa nane, usiniandikie kwamba mche umekufa. Fukua kidogo pembeni kwa kidole uone mzizi.